Niliwapotosha Kuhusu Tairi: Historia Fupi ya Upepo, Kutoka Belfast Hadi Litein

Leo naanza na msamaha.

Kuna vidio niliposti mwaka jana nikiwa nimesimama kando ya lami pale Chemosit na baiskeli yangu ya mbio ya mtumba. Wengi mnaikumbuka. Nilisogeza kamera kwa tairi nikasoma maandishi yake kwa sauti kama mhubiri wa soko: 700x23C, 120 PSI. Halafu nikageuza kamera kwa mzee aliyekuwa anapita na black mamba yake, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma, nikasema, "Hiyo tairi ni ya trekta. Ukitaka mbio, iwe nyembamba na ngumu kama chuma." Mlicheka, mkasambaza, nami nikajiona mtaalamu.

Wiki tatu baadaye kijana wa kidato cha tatu kutoka upande wa Silibwet alinitumia picha ya goti lake. Alikuwa amejaza tairi zake hadi 120 vile nilisema. Mvua ya saa tisa ikamkuta kwenye mteremko, baiskeli ikateleza kwenye kona, akalala chini. Nyuzi saba. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Bro, kwani nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Namba nilikuwa nimeisoma ubavuni mwa tairi, lakini sikuwahi kujiuliza ni nani aliiandika na alikuwa anawaza barabara gani. Chuo niliacha, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kumuuliza. Ilibidi nisome mwenyewe, polepole, na nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyotarajia. Nawapa leo, kwa sababu kosa nililifanya hadharani na kulirekebisha kunafaa kuwe hadharani pia.

Tuanze Belfast, mwaka 1888. John Boyd Dunlop, Mskoti, daktari wa mifugo, alikuwa na mtoto aliyeendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Enzi hizo tairi zilikuwa mpira mgumu usio na kitu ndani, na barabara zilikuwa za mawe. Dunlop alichukua mrija wa mpira, akaujaza upepo, akaufunga kwenye gurudumu. Mtoto akapata safari laini na, cha kushangaza, baiskeli ikaenda mbali zaidi kwa nguvu ile ile. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili tairi ya upepo mwaka 1845, kabla baiskeli za kisasa hazijakuwepo, na wazo lake likasahaulika. Ndiyo maana hataza ya Dunlop baadaye ilibatilishwa.

Mwaka 1889 mwendeshaji anayeitwa Willie Hume alizipeleka tairi za Dunlop kwenye mashindano hapo Belfast. Zilikuwa nene kuliko zote uwanjani. Watu wakazicheka. Hume akashinda.

Hebu soma tena hapo. Tairi ya kwanza ya upepo kushinda mbio ilikuwa tairi nene iliyochekwa. Miaka zaidi ya 130 baadaye mimi nilisimama Chemosit nikicheka tairi nene. Historia inanidai.

Na kabla hatujasonga, tusijifanye tairi ilishuka kutoka mbinguni. Miaka ya 1890 Ulaya na Marekani ziliingiwa na wazimu wa baiskeli, na kila baiskeli ilihitaji mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka kwa jirani yetu Kongo, iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885. Watu walilazimishwa kuingia msituni kukamua utomvu wa mimea inayotambaa, na kijiji kikishindwa kufikisha kiasi kilichodaiwa, wake walishikwa mateka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, mikono ikakatwa. Roger Casement, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko, aliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904, picha zikasambaa, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mtu wa London alikuwa anapata safari laini. Aliyelipia ulaini huo alikuwa mtu wa huku kwetu, na hakuwa na baiskeli.

Sasa, baiskeli zilifikaje kwenye majani chai? Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikipitia Lumbwa, ambapo leo tunapaita Kipkelion. Miaka ya 1920 kampuni za Waingereza, Brooke Bond na African Highlands, zikaanza kupanda chai Kericho kwa kiwango kikubwa kwenye ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Hiyo habari ya ardhi bado ni kidonda na inahitaji makala yake. Kwa leo nataka tuangalie barabara tu. Chai haingoji. Jani likichumwa linafaa kufika kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo linaharibika. Kwa hivyo popote chai ilipoenda, barabara ilifuata, na nyingi zilikuwa za udongo mwekundu na changarawe, zenye kupanda na kushuka kila kilima, kwenye nchi ya mita kama 2,000 juu ya bahari ambako mvua ya mchana ni kawaida.

Kwenye barabara hizo ndipo ilipoingia baiskeli tunayoiita black mamba. Mwanzo ni Raleigh ya Nottingham, baadaye nyingi zikawa Hero kutoka India na Phoenix kutoka China, lakini umbo ni lile lile. Fremu nzito ya chuma, breki za vyuma badala ya waya, keria inayobeba gunia. Na tairi ya inchi 28 kwa 1½. Moja na nusu hapo ni upana: karibu milimita 40.

Kwa muda mrefu waliokuwa na baiskeli vijijini ni mwalimu, karani na mhubiri. Halafu mambo yakabadilika. Wakoloni walikuwa wamebana kilimo cha chai kisifanywe na Waafrika, na kibano kikaanza kulegea baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1964 KTDA ikaanzishwa, na mkulima mdogo akawa na chai yake, kituo chake cha kupimia majani, na kazi ya kuyafikisha hapo.

Haya sasa nilisimuliwa, sikuyasoma. Nilirudi Chemosit kumtafuta yule mzee wa vidio. Haikuwa ngumu. Anapita na maziwa kila asubuhi, na mtaa mzima ulishamwambia kuwa yuko kwenye simu za watu. Nilimwamkua, nikasema, "Kugo, mimi ndiye yule kijana aliyekucheka. Nimekuja kuomba radhi." Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kwanza shika huu mtungi."

Tukatembea pamoja. Akaniambia mamba hiyo aliinunua miaka ya sabini kutoka kwa mwalimu aliyehamishwa. Imebeba majani, mahindi ya kusaga, mbolea, mke wake akienda kujifungua, na watoto wanne shule. Nikamuuliza anaijaza upepo kiasi gani. Akacheka. Valvu ya mamba ni ile ya zamani yenye kimpira ndani, ile tuliyokuwa tunaiba vimpira vyake tukiwa wadogo. Geji ya kawaida haiwezi kuisoma. Kwa hivyo mzee anapima kwa kidole gumba. Anabonyeza tairi: ikibeba mtungi uliojaa, iwe ngumu kidogo, ikiwa mtupu, au mvua imenyesha, anapunguza.

Halafu akashika tairi yangu, akabonyeza. Haikubonyea hata kidogo. Akasema, "Hii inapigana na barabara. Na barabara haishindwi."

Sasa tuseme kwa lugha ya namba alichosema mzee kwa gumba. PSI maana yake ni ratili ngapi zinasukuma kila inchi moja ya mraba. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 75. Gurudumu la nyuma linabeba zaidi kidogo ya nusu, tuseme kilo 45, ambazo ni karibu ratili 100. Ukijaza PSI 100, tairi inagusa lami kwa takriban inchi moja ya mraba. Hiyo ni stempu ya posta. Maisha yako yote kwenye kona ya mteremko, juu ya stempu moja. Ukijaza PSI 50 unapata stempu mbili.

Lakini stempu si habari yote. Barabara zetu si kioo. Tairi ngumu ikikutana na kokoto haibonyei, inaruka. Ikiwa hewani haiwezi kufunga breki, haiwezi kukata kona, wala haiwezi kusukuma mbele. Tairi laini inaimeza kokoto na kubaki chini. Kijana wa Silibwet alikuwa na mvua, tope lililomwagwa na matrekta, na tairi mbili ngumu kama mawe kwa sababu yangu. Mvua na tope ni za Mungu na trekta. Mawe yalikuwa yangu.

Basi wazungu walifikaje kwenye 23 na 120? Walikuwa na sababu. Ulaya ilipata lami nzuri, na tairi zilipimwa kwenye maabara juu ya pipa la chuma linalozunguka. Juu ya pipa laini, kadiri unavyoongeza presha, ndivyo tairi inavyopoteza nguvu kidogo. Kipimo ni cha kweli. Tatizo ni kwamba pipa halina mtu juu yake anayetikisika. Kisha kuna hisia: tairi ngumu inakutetemesha mikono, na mwili unaamini kutetemeka ni kasi. Hapo ndipo nilipodanganyika mimi. Nilikuwa nawaambia watu "unasikia mwendo," kumbe nilikuwa nasikia nguvu zangu zikimwagika.

Kwa sababu mtetemo huo haupotei bure. Nguvu inayokurusha juu ni nguvu uliyoitoa miguuni, na nyama ya mwili wako inaimeza na kuigeuza joto. Watu wawili walisaidia kulianika jambo hili. Frank Berto alipima jinsi tairi zinavyobonyea chini ya mzigo, na chati inayotokana na kazi yake inasema tairi ikae kwenye presha inayoifanya ishuke kama asilimia 15 ya kimo chake. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly, alitoka maabara na kupima barabarani, mtu akiwa juu ya baiskeli, hata kwenye matuta madogo ya kando ya barabara kuu. Kwenye njia mbaya, presha kubwa ilikuwa inapunguza kasi. Kwenye njia nzuri, tairi pana iliyoshonwa vizuri haikuwa nyuma ya nyembamba.

Mwanzo wengi hawakuwasikiliza. Lakini katika miaka ya 2010 timu kubwa za Ulaya zilitoka 23 zikaenda 25, kisha 28. Leo kwenye mbio za Paris–Roubaix, zile za mawe, 30 na zaidi ni kawaida. Wameongeza upana na wakazidi kukimbia. Na baiskeli zao za zamani zenye 23? Ziliuzwa, zikapakiwa kwenye makontena, zikafika kwetu zikiwa na namba ya 120 bado ubavuni. Tulinunua imani ambayo wenyewe walishaiacha. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na msala wenyewe ulikuwa mtumba.

Kuna kingine. Mwaka 2021 Migration Gravel Race ilianza Maasai Mara, mbele tu ya Bomet ukishuka upande wa Narok. Watu walitoka ng'ambo kuja kushindana kwenye vumbi letu, na mmoja wa waliolisukuma jambo hilo mbele ni Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewahi kushindana na timu ya Bike Aid ya Ujerumani kabla ya kuwa nahodha wa Team Amani. Sule alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio Vermont, Marekani. Alitaka vijana wa Afrika Mashariki washindane na dunia kwenye barabara kama hizi tulizozaliwa nazo. Angalia tairi za mbio hizo za changarawe: milimita 40 na zaidi. Upana wa mamba ya Kugo.

Tusipambe lakini. Mamba si baiskeli ya kasi. Ni nzito, haina gia, na tairi yake ni ngozi nene ngumu ambayo inakula nguvu. Sisemi mzee alikuwa mbele ya Ulaya. Nasema upana wake ulichaguliwa na barabara na mzigo, na presha yake ilichaguliwa na gumba kila asubuhi. Wangu ulichaguliwa na mtu ambaye hajawahi kuona Litein.

Kwa hivyo ufanye nini na yako? Yafuatayo ni mahali pa kuanzia, kwa mtu na baiskeli jumla kilo 75. Tairi ya 25: mbele 80, nyuma 85. Ya 28: mbele 65, nyuma 70. Ya 32: 50 na 55. Ya 40 kwenye changarawe: 35 na 40. Ukiwa mzito ongeza, ukiwa mwepesi punguza. Mbele iwe chini ya nyuma daima kwa sababu inabeba kidogo. Mvua ikinyesha, toa kama 5. Ukipunguza mno utajua: baiskeli inayumba kwenye kona, na ukigonga jiwe rimu inabana tyubu na kutoboa matundu mawili sambamba. Hapo ongeza.

Ile namba kubwa ubavuni ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Si ushauri. Ni kama chupa ya dawa iliyoandikwa usizidishe vidonge vinane, nawe ukameza vinane kila siku ukidhani ndiyo dozi.

Kabla ya kununua pana, pima nafasi. Fremu nyingi za zamani zenye breki za kubana rimu zinaishia 25 au 28. Chukua ufunguo wa alen wa milimita 4, upitishe kati ya tairi na fremu pande zote, na chini ya breki. Ukikwama, tairi hiyo ni pana mno, kwa sababu udongo wetu ukilowa utajaza hapo na gurudumu litasimama.

Na tafadhali, usimwambie fundi "nipe 28" ukanyamaza. Atakupa tairi ya mamba, na haitaingia. 28 ya mamba ni inchi za kimo, na ukingo wake ni milimita 635. 28 ya baiskeli ya mbio ni milimita za upana, na ukingo wake ni 622. Tafuta 622 kwenye maandishi madogo. Mimi nilipoteza safari nzima ya kwenda sokoni kujifunza hilo.

Kijana wa Silibwet nilimtumia haya yote kabla ya kuyaposti. Fremu yake imekubali 28. Nilichanga nusu ya pesa za tairi, yeye akachanga nusu, na sasa anajaza 60 mbele na 65 nyuma, maana ni mwepesi. Goti limepona, kovu limebaki. Aliniambia siku ya kwanza alihisi kama anaenda polepole, akakasirika, halafu akaangalia saa na kukuta amefika nyumbani mapema kuliko kawaida yake.

Ile vidio ya Chemosit sijaifuta. Nimeandika juu yake "huyu jamaa alikuwa anakosea" na kuweka makala hii chini yake.

Mimi pia nina 28 sasa. Juzi nilipita tena kwa mzee, nikasimamisha baiskeli mbele yake bila kusema kitu. Akaweka mtungi chini, akabonyeza tairi ya mbele, kisha ya nyuma. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema ya nyuma nitoe kidogo, mawingu yanakuja.

Nikatoa. Saa tisa ikanyesha.